Maarifa ya Porini: Imepimwa kwa Yadi Ngapi?

Mtu akiondoka alfajiri katika msitu wa Mlima Kenya, juu ya mji wa Meru au juu ya Runyenjes katika nchi ya Embu, akashuka kuelekea mashariki, kabla ya jua kutua atakuwa amepita katika nchi mbili zisizofanana hata kidogo. Asubuhi mianzi na miti mikubwa ilikuwa imesongamana hata jicho lake halikuweza kufika yadi 30. Jioni atajikuta Tharaka au Mbeere, au katika nyanda zinazoelekea mto Tana, ambako migunga imesimama mbalimbali na mnyama huonekana waziwazi akiwa mbali yadi 200 au 300. Wenyeji wanaijua tofauti hiyo kwa mashamba yao: juu ni chai na kahawa, chini ni mtama na ndengu. Mkulima mwenye akili hapandi chai Mbeere. Lakini wako wapigaji wa bunduki ambao hupima bunduki yao mahali pamoja, kisha huichukua juu na chini vilevile, wakiamini kwamba bunduki iliyopiga sawasawa jana itapiga sawasawa popote.

Imani hiyo si ya kweli, na imewatia watu wengi hatarini. Yafaa ielezwe waziwazi kwa nini si ya kweli, na mtu afanye nini.

Kwanza ieleweke jambo hili lawahusu nani siku hizi. Zamani nchi ya Kenya ilikuwa imegawanywa katika maeneo ya kuwindia, na mwenye leseni aliweza kulipa ada akaenda porini. Mwezi wa Mei mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama pori, na marufuku hiyo haijaondolewa. Kwa hiyo mtu wa Meru au Embu hana ruhusa ya kwenda kuwinda nyati au pongo, hata kama bunduki yake ina kibali. Hata hivyo bunduki za namna hii hazikutoweka. Askari wa Shirika la Wanyamapori, lililoanzishwa mwaka 1989, hulazimika mara nyingine kumwua mnyama aliyezoea kuvunja mashamba au aliyekwisha kuua mtu. Kadhalika wako walengaji wa mchezo katika viwanja vilivyoruhusiwa, na wako wanaokwenda kuwinda Tanzania, ambako sheria yaruhusu kwa leseni. Hawa wote wana wajibu mmoja, nao ni kuijua bunduki yao kabla ya kuielekeza kwa kiumbe chenye uhai.

Bunduki inayozungumzwa hapa ni ile ambayo fataki ya risasi yake imekaa katikati ya kitako cha ganda, wala si ile ndogo ya .22 ambayo fataki yake imezunguka ukingoni. Wala si bunduki ya marisau. Ndani ya mtutu wake mna mifereji iliyopindika, ambayo huizungusha risasi kama pia ili iende bila kuyumba. Katika Afrika ya Mashariki zilizojulikana sana ni .303 ya kijeshi, .375 iliyotoka kwa Holland & Holland mwaka 1912, .404 ya Jeffery, na .458 ya Winchester iliyoanza kuuzwa mwaka 1956. Kila moja ina nguvu yake, lakini kanuni ya kuzipima ni moja kwa zote.

Watu wengi hudhani kwamba risasi huenda kama uzi ulionyoshwa, na kwamba huanza kushuka ikichoka. Sivyo. Risasi huanza kushuka mara tu inapotoka mdomoni mwa mtutu, kama vile jiwe linavyoshuka likitupwa na mtoto. Mtoto anayetaka kuangusha embe la mbali halitupi jiwe lake moja kwa moja. Hulitupa juu kidogo, akijua kwamba litainama njiani. Bunduki nayo hufanya vivyo hivyo. Vilengeo vyake hutengenezwa ili jicho liangalie mbele sawasawa huku mtutu ukiwa umeinuliwa juu kidogo, kiasi ambacho mpigaji mwenyewe hakioni.

Tena kuna jambo la pili. Jicho halitazami kutoka ndani ya mtutu, bali kutoka juu yake. Kwa darubini, nafasi iliyopo kati ya mstari wa jicho na tundu la mtutu ni kama inchi 1 na nusu au zaidi; kwa vilengeo vya chuma huwa ndogo kidogo. Basi risasi huanza safari yake chini ya mstari wa jicho, hupanda na kuukata mstari huo karibu, huenda juu yake kwa muda, kisha huinama na kuukata mara ya pili mbali. Kwa sababu hiyo bunduki husema kweli mahali pawili tu. Kabla ya mahali pa kwanza hupiga chini. Kati ya hapo na pa pili hupiga juu. Na baada ya pa pili hupiga chini tena, tena chini zaidi kila hatua. Kupima bunduki ni kuchagua mahali pale pa pili, na kusogeza vilengeo mpaka risasi ipige palepale jicho linapolenga.

Mfano wa hesabu utalifanya jambo hili liwe wazi. Chukua .375 yenye risasi ya grani 300 na darubini, iliyopimwa kwa yadi 200. Risasi yake huukata mstari wa jicho mara ya kwanza kwenye yadi 25 hivi. Kwenye yadi 100 itakuwa juu karibu inchi 2 na nusu. Kwenye yadi 200 itapiga sawasawa. Kwenye yadi 300 itakuwa imeshuka inchi 10 au zaidi. Bunduki hiyohiyo ikipimwa kwa yadi 100, itapiga karibu sawasawa kwenye yadi 50 na kwenye yadi 100, lakini kwenye yadi 200 itapiga chini kiasi cha inchi 5. Na .458, ambayo risasi yake ni nzito ya grani 500 na mwendo wake ni wa polepole zaidi, ikipimwa kwa yadi 100 hushuka inchi 9 au 10 ifikapo yadi 200. Hapo utaona kwamba swali la maana si kama bunduki imepimwa, bali imepimwa kwa yadi ngapi.

Mfano mwingine si wa hesabu, bali ni wa watu wawili wasio na majina, kwa kuwa wako wengi wa namna yao. Kijana askari ametumwa ukingoni mwa msitu wa Imenti, ambako nyati mmoja mkorofi amekuwa akilala kichakani karibu na njia ya wanawake wanaokwenda kuteka maji. Amechukua .458 yenye vilengeo vya chuma. Nyuma pana vibati viwili vya kukunja, kimoja cha yadi 100 na kimoja cha yadi 200. Njiani anamkuta mzee aliyestaafu kazi hiyohiyo, akipalilia kahawa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo bunduki umeipima?"

"Imepimwa, mzee. Tuliipiga uwanjani juma lililopita, risasi zote ziliingia katika duara."

"Kwa yadi ngapi?"

"Mia mbili, mzee."

Mzee anaweka jembe chini. "Na huko kichakani, utamwona huyo mnyama kwa yadi ngapi?"

Kijana anatazama msitu, kisha anakitazama kile kibati cha yadi 200, ambacho bado kimesimama vilevile kama alivyokiacha uwanjani. Hana jibu. Mzee hamcheki, anamwambia tu akikunje, arudi uwanjani asubuhi hiyohiyo, apige risasi tatu kwa yadi 50, kisha ndipo aende kazini.

Je, mzee yule alikuwa akihangaikia jambo dogo? Hesabu inajibu. Bunduki ile, kibati cha yadi 200 kikiwa kimesimama, hupiga juu kiasi cha inchi 3 kwenye yadi 50, na karibu inchi 5 kwenye yadi 100. Nyati akimkabili mtu kwa uso, ubongo wake ni kitu kidogo kilichofichwa nyuma ya mifupa, chini ya pembe zile zilizoungana utosini. Mpigaji anayelenga ubongo, risasi yake ikaenda juu inchi 3, atapiga mzizi wa pembe. Nyati atatikisika, pengine ataanguka magoti, kisha atainuka.

Wako watakaosema kwamba inchi 3 si kitu kwa mnyama mkubwa akilengwa ubavuni, kwa sababu moyo na mapafu yake ni makubwa. Ni kweli kwamba ubavu husamehe makosa kuliko kichwa. Lakini makosa hayaji peke yake. Bunduki ina inchi zake 3; mkono uliochoka kwa kupanda mlima una inchi zake 3 au 4; mnyama naye hasimami sawasawa kama karatasi, bali amejificha nusu nyuma ya shina la mti. Makosa hayo yakielekea upande mmoja, yanajumlishwa. Mpigaji hawezi kuyaondoa yote, lakini lile la bunduki anaweza kuliondoa kabla ya kutoka nyumbani, na kwa hiyo hana udhuru wa kulichukua porini.

Namna ya kupima bunduki si ngumu, ila yataka utulivu na haitaki haraka. Kazi hii hufanywa katika uwanja ulioruhusiwa, wenye ukuta mrefu wa udongo nyuma ya shabaha. Risasi ya bunduki kubwa huweza kuua hata baada ya kwenda zaidi ya maili moja, na katika nchi iliyojaa watu kama Meru na Embu hakuna bonde lisilo na nyumba wala njia isiyo na mtoto. Masikio nayo yazibwe, kwa kuwa kusikia kukiharibika hakurudi.

Kwanza mpigaji huikagua bunduki. Hukaza skrubu za mti na za darubini, kwa maana mtikisiko wa gari katika barabara mbovu huzilegeza bila mtu kujua. Hupangusa mafuta yaliyomo ndani ya mtutu. Kisha huchagua aina moja ya risasi, ya uzito mmoja na kiwanda kimoja, ileile atakayoitumia kazini. Akipima kwa risasi za aina moja na kwenda kazini na nyingine, ni kama hakupima.

Pili, huketi mahali imara penye meza, akaweka mifuko ya mchanga. Mti wa bunduki ulale juu ya mfuko, wala si mtutu, na wala bunduki isilazwe juu ya jiwe au ubao mtupu, kwa sababu huruka inapolia na kuitupa risasi mbali na lengo. Aushike mtambo wa kufyatulia kwa ncha ya kidole, auvute polepole hata mlio umjie kama jambo asilolitazamia. Mtu anayeunyakua mtambo kwa hofu ya kishindo hapimi bunduki. Anapima hofu yake.

Tatu, huanza karibu, kwa yadi 25. Hapa makosa makubwa huonekana bila kupoteza risasi, kwa kuwa hata bunduki iliyopotoka sana haitaikosa karatasi yote. Hupiga risasi tatu bila kubadili kitu, akitazama kituo cha zile tatu na si risasi moja. Risasi moja yaweza kuwa bahati, lakini tatu zilizokusanyika pamoja ni ushahidi. Kama tatu hizo zimetawanyika huku na huku, asiguse vilengeo kamwe. Kosa liko kwake mwenyewe, au katika skrubu, au katika risasi, na kusogeza vilengeo kutalificha tu.

Nne, husahihisha. Darubini nyingi zina vifundo viwili, cha kupandisha na cha kupeleka kando, na kila mlio mdogo wa kifundo huisogeza risasi robo inchi kwenye yadi 100. Kwenye yadi 25 mlio huohuo huisogeza sehemu moja tu katika kumi na sita ya inchi. Basi, kama kituo cha risasi tatu kiko kushoto inchi 1 na chini nusu inchi kwenye yadi 25, atazungusha milio 16 kuelekea kulia na milio 8 kuelekea juu. Kwa vilengeo vya chuma kanuni ni hii: kilengeo cha nyuma husogezwa upande ule ambao mpigaji anataka risasi iende, na kilengeo cha mbele husogezwa kuufuata upande wa kosa. Wengi huchanganya mambo haya mawili na kuliongeza kosa badala ya kulipunguza.

Tano, huenda kwenye yadi 100, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wako wavivu ambao hukomea kwenye yadi 25, wakisema kwamba risasi imepiga katikati na hiyo yatosha. Wasahau kwamba kosa hukua pamoja na umbali. Nusu inchi ya yadi 25, ambayo macho huidharau, ni inchi 2 kwenye yadi 100 na inchi 4 kwenye yadi 200. Anayetaka .375 yake iwe kweli kwa yadi 200 ataiacha ipige juu inchi 2 na nusu kwenye yadi 100, kisha atakwenda kuhakikisha kwenye yadi 200 zenyewe. Anayetaka iwe kweli kwa yadi 100 ataiweka sawasawa hapohapo.

Sita, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, baada ya kupima hupiga pia kwenye umbali mwingine: yadi 50, 150 na 200. Hasogezi kitu tena. Hutazama tu risasi inakwenda wapi, na huandika katika kipande cha karatasi: yadi 50, juu kiasi gani, yadi 150, juu au chini kiasi gani. Karatasi hiyo hubandikwa ubavuni mwa kitako cha bunduki. Hesabu za vitabu, hata hizi zilizotajwa hapa, ni za kuongoza tu. Kila mtutu una tabia yake, na neno la mwisho ni la karatasi iliyotobolewa.

Basi mtu achague umbali gani? Achague kwa nchi atakayofanyia kazi. Msituni, katika mianzi na vichaka vya mlimani, bunduki nzito hupimwa kwa yadi 50 au 100, kwa kuwa huko hakuna atakayempiga mnyama kwa yadi 200, na asiyemwona mnyama wote barabara hana haki ya kufyatua. Katika nyanda za chini .375 au bunduki nyepesi yaweza kupimwa kwa yadi 150 au 200, ili mpigaji asihitaji kukisia. Na yule ambaye kazi yake ni juu na chini pia achague yadi 100, aijue vyema karatasi yake, na ajizuie kupiga mbali.

Bunduki za kijeshi zina mtego wake. Ile .303 namba 4 ina kilengeo cha nyuma chenye matundu mawili ya haraka, kimoja cha yadi 300 na kimoja cha yadi 600, kwa sababu ilitengenezwa kwa vita na si kwa kulinda mashamba. Mtu akiitumia kwa tundu la yadi 300 katika shamba la mahindi, risasi itapita juu zaidi ya inchi 3 kwenye yadi 50, na juu inchi 6 au zaidi kwenye yadi 100. Kifua cha pongo hakizidi sana upana wa sahani ya kulia. Atailaumu bunduki, na bunduki imefanya yale iliyoamriwa.

Mvua nayo ina neno lake. Mlima Kenya hupata mvua nyingi kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Mti wa bunduki unapolowa huvimba na kuusukuma mtutu. Unapokauka katika joto la Tharaka hunywea. Kwa hiyo bunduki iliyopimwa wakati wa kiangazi huweza kuhama wakati wa mvua ingawa hakuna aliyeigusa. Jua kali nalo huipasha risasi moto, na baruti iliyopashwa moto huisukuma risasi kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu risasi hazifai kuachwa juani juu ya gari. Na miteremko ya nchi hii yataka uangalifu: mtu akipiga kuelekea juu sana au chini sana, risasi hupiga juu kuliko alivyotazamia katika hali zote mbili. Mnyama aliye mbali yadi 200 kwa mteremko mkali, nusu ya pembe mraba, alengwe kana kwamba yuko yadi 140 tu.

Kupima umbali kwa macho pia ni elimu. Msituni penye giza, kitu huonekana mbali kuliko kilivyo. Ng'ambo ya bonde, hewa ikiwa safi baada ya mvua, huonekana karibu kuliko kilivyo. Mwenye busara huhesabu hatua zake kila anapotembea kutoka mti hadi mti, mpaka macho yake yajifunze kusema kweli kama vilengeo vyake.

Mwishowe kuna risasi ya kwanza. Uwanjani mtu hupiga risasi nyingi, mtutu ukapata joto, na huridhika na kituo cha zile za mwisho. Lakini porini mtutu huwa baridi, na mnyama hampi mtu nafasi ya kujaribu. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya pili arudi, apige risasi moja tu kwa mtutu baridi, aone imekwenda wapi. Hiyo moja ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Nchi ya Meru ina ukumbusho wa mambo haya. Tarehe 1 Februari 1956, George Adamson, aliyekuwa msimamizi wa wanyama pori katika jimbo la kaskazini, alikuwa na wenzake wakimtafuta simba aliyeua mtu. Simba jike aliyekwisha kujeruhiwa aliwatokea mbio kutoka mawe ya mlimani, wakamwua kwa kujiokoa. Kisha wakakuta watoto wake watatu. Mmoja wao alikuwa Elsa, ambaye baadaye alirudishwa porini katika sehemu zilizokuja kuwa Hifadhi ya Taifa ya Meru mwaka 1966, na kaburi lake liko huko karibu na mto Ura. Ulimwengu mzima unalijua jina la Elsa. Wanaokaa karibu na wanyama pori hukumbuka pia sehemu ya kwanza ya habari ile: kwamba mnyama aliyejeruhiwa hakimbii sikuzote, na kwamba watu wenye silaha na uzoefu walikuwa karibu sana na mauti.

Je, itakuwaje kwa wasio na silaha? Nyati aliyepigwa vibaya jioni hujificha, hulala na maumivu yake, na asubuhi husimama njiani. Anayekutana naye si mpigaji. Ni mwanamke mwenye mzigo wa kuni, au mzee anayekwenda gulioni, au mtoto wa shule. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama. Ni fedha nyingi, lakini hakuna jamaa katika Imenti wala Mbeere ambayo ingekubali kuzipokea kama ingepewa hiari ya kumrudisha mtu wao.

Kwa sababu hiyo saa mbili za uwanjani, risasi 20, na kipande cha karatasi kitakoni mwa bunduki si anasa wala si mchezo wa matajiri. Ni deni ambalo kila mwenye bunduki anadaiwa na majirani zake. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa bunduki ni zile inchi chache ambazo mwenyewe hakutaka kwenda kuzitazama. Anayekutana na mtu aliyebeba bunduki na kujisifu kwamba imepimwa, na amwulize kwa upole swali lile la mzee wa kahawa. Kama hana jibu, bunduki hiyo bado haijapimwa.